Maswali yenu: Kwa nini umeme wa kaskazini ya mbali ni ghali?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji waliohamia Kanada na Alaska, na nyingine zimetoka kaskazini mwa Kenya. Zote zinauliza kuhusu bei ya umeme mahali ambapo gridi haifiki. Katika majibu, uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Dola ni ya Kanada, isipokuwa tukisema vinginevyo.

Nilikaa Toronto kabla ya kupata kazi Iqaluit. Kule sikuwa na habari na swichi ya taa. Huku uniti moja kabla ya ruzuku ni mara kadhaa ya bei ya Toronto. Je, kampuni inatukamua kwa kuwa hatuna pa kwenda?
— Msomaji, Iqaluit, Nunavut

Kampuni ya umeme ya Nunavut, Qulliq Energy Corporation, ni mali ya serikali ya jimbo hilo la kaskazini mwa Kanada, na bei zake hupitiwa kabla ya kuidhinishwa. Sababu ya bei iko kwenye mtambo wenyewe. Nunavut ina jamii 25, yaani miji na vijiji, na hakuna laini ya umeme inayounganisha hata mbili kati yake. Kila moja ina kituo chake cha jenereta za dizeli, matangi yake na mafundi wake. Toronto inachota kwenye gridi yenye nyuklia, maji na gesi, na gharama zake zinagawanywa kwa mamilioni ya wateja.

Tufanye hesabu ya kijiji cha mfano chenye watu 500. Tarakimu ni za kukadiria, ila ziko ndani ya hali ya kawaida ya vijiji vya namna hii. Wastani wa mzigo, yaani umeme unaotakiwa kwa wakati mmoja, ni kilowati 200, kwa hiyo kwa mwaka mtambo unazalisha uniti 1,752,000. Jenereta nzuri ya ukubwa huo hutoa takriban uniti 3.5 kwa lita moja ya dizeli, kwa hiyo kijiji kinachoma karibu lita 500,000. Kituo chenyewe kinakula sehemu ya umeme huo kwa feni, pampu na hita, na sehemu nyingine inapotea kwenye transfoma na nyaya. Ukiondoa asilimia 10, zinabaki uniti 1,577,000 za kuuza. Dizeli ikifika tangini kwa dola 1.30 kwa lita, mafuta peke yake ni dola 650,000, yaani senti 41 kwa kila uniti iliyouzwa, kabla hujamlipa mtu hata mmoja.

Baada ya hapo zinakuja gharama zisizopungua hata kama watu watazima taa zote. Kijiji chenye mzigo wa juu wa kilowati 350 hakiwezi kuwa na jenereta moja ya kilowati 350. Kanuni ni kwamba jenereta kubwa kuliko zote ikifa, zilizobaki ziweze kubeba mzigo wa juu. Kwa hiyo utakuta, kwa mfano, tatu: ya kilowati 200, ya 350 na ya 400. Inayofanya kazi mfululizo hubadilishwa oili kila baada ya saa 500 au pungufu, na kati ya saa 15,000 na 20,000 inafunguliwa yote: pistoni, ringi, vichwa vya silinda, turbo. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo injini isiyopumzika inafikia huko ndani ya miaka miwili. Spea zinakuja kwa ndege, na fundi wa injini naye anakuja kwa ndege. Ukungu au dhoruba ikimzuia njiani siku nne, analipwa siku hizo zote. Ongeza bima, mishahara ya waendeshaji, na mkopo wa jengo na matangi. Tukiweka dola 450,000 kwa mwaka kwa yote hayo, ni senti 28 na nusu kwa uniti. Jumla inakaribia senti 70.

Punguza kijiji kiwe cha watu 250 uone. Mafuta yanabaki senti 41 kwa uniti, lakini gharama nyingine hazishuki kwa nusu, maana bado unahitaji jenereta tatu na waendeshaji wawili. Zikishuka hadi dola 380,000 tu, unazigawa kwa uniti 788,500 na kupata senti 48. Jumla ni senti 89. Udogo wa kijiji unaumiza karibu sawa na bei ya mafuta, na jambo hili watu hulisahau kwa sababu lita zinaonekana lakini wingi wa wateja hauonekani.

Jenereta ya akiba si anasa. Tarehe 2 Aprili 2015 kituo cha Pangnirtung, kisiwani Baffin, kiliungua. Hali ya dharura ikatangazwa, jenereta za kubebeka zikasafirishwa kwa ndege. Nyumba ya kaskazini isiyo na umeme haina pia joto, kwa kuwa bila umeme pampu na kichomeo cha boila la mafuta (tanuri linalopasha nyumba joto) haviwaki, na mabomba ya maji yanaanza kuganda ndani ya saa chache.

Bei ya mafuta duniani ilishuka majira ya baridi, redioni walisema. Mbona bili yetu haikushuka?
— Msomaji, Bethel, Alaska

Kwa sababu mafuta mnayochoma Februari yalinunuliwa kiangazi kilichopita. Mito ya Kuskokwim na Yukon inaganda, na matishari hupita tu barafu ikishayeyuka hadi inapoanza tena. Nunavut hupokea meli zake takriban kati ya Julai na Oktoba. Kwa hiyo kijiji kinanunua mafuta ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja au michache, kwa bei ya siku hiyo, na bei hiyo inakaa tangini hadi meli nyingine ije. Ikishuka duniani mwezi wa kumi na mbili, huambulii kitu. Ikipanda, vilevile huguswi hadi kiangazi.

Ununuzi wa mkupuo una gharama mbili zaidi. Kwanza ni fedha. Kijiji chetu cha mfano kinahitaji dola 650,000 mwezi Agosti, na kitazirudisha kidogo kidogo kwa miezi 12. Kwa riba ya asilimia 6 juu ya salio la wastani la nusu ya mkopo, ni dola 19,500, yaani zaidi ya senti moja kwa uniti. Alaska ina mfuko wa serikali wa kuvikopesha vijiji kwa ununuzi huu hasa, kwa kuwa mabenki hayana hamu navyo. Pili ni matangi. Tangi la kijiji haliwekwi tu chini. Linazungushiwa ukuta wenye turubai zito lisilopitisha mafuta, uwezao kushika ujazo wa tangi kubwa kuliko yote na asilimia 10 juu yake, au linakuwa la kuta mbili. Ardhi iliyoganda miaka yote ikianza kuyeyuka chini yake, tangi linainama, maungio ya bomba yanachanika na mafuta yanavuja. Kusafisha mvujo mmoja kunaweza kumeza bajeti ya miaka.

Mafuta yenyewe pia si yaleyale. Dizeli ya kawaida huanza kutoa nta inapokaribia nyuzi 10 chini ya sifuri, na nta hiyo huziba filta. Kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri inabidi dizeli nyepesi ya baridi kali, ambayo bei yake iko juu na kila lita yake ina nishati kidogo pungufu.

Chombo cha mwisho cha msimu kikikosa kufika, bei inaruka. Novemba 2011 dhoruba ilizuia shehena ya mwisho ya Nome. Januari 2012 ilibidi meli ya Urusi, Renda, ifuate nyuma ya meli ya kuvunja barafu ya walinzi wa pwani wa Marekani, Healy, kufikisha galoni milioni 1.3, takriban lita milioni 4.9. Nome ina bandari. Kijiji cha mtoni kisichofikiwa na tishari kwa kuwa maji yamepungua hakina njia ila ndege, na kila lita inayoruka hubeba juu yake gharama ya lita zilizochomwa na ndege hiyo.

Kwa nini wasivute laini kubwa kutoka kusini wakamaliza tatizo? Congo tunasikia bwawa la Inga linapeleka umeme mbali sana hadi Katanga.
— Msomaji, Edmonton

Laini ya Inga hadi Kolwezi, huko Katanga, ina urefu wa takriban kilomita 1,700, lakini mwisho wake kuna migodi ya shaba inayomeza mamia ya megawati. Kinachoamua ni mzigo uliopo mwisho wa waya kuliko urefu wa waya.

Rudi kwenye kijiji chetu. Tuseme gridi iko kilomita 100 tu, na laini katika ardhi yenye majimaji na barafu inagharimu dola 250,000 kwa kilomita. Hizo ni dola milioni 25. Ukikopa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 5, unalipa takriban dola milioni 1.63 kila mwaka. Gawanya kwa uniti 1,577,000: dola moja na senti tatu kwa uniti, na bado hujanunua umeme wenyewe. Dizeli ilikuwa senti 70. Kisha laini moja ikikatika Januari inabidi kituo cha dizeli kiwe tayari, kwa hiyo hata gharama ya kituo hujaikwepa.

Kujenga kwenyewe ni kugumu. Udongo wa juu huganda na kuyeyuka kila mwaka, na kila ukiganda huvimba na kuisukuma nguzo juu, hadi baada ya misimu kadhaa inalala. Nguzo inabidi izamishwe ndani ya tabaka lisiloyeyuka. Mitambo mizito hupita majira ya baridi tu, ardhi ikiwa ngumu. Hata ujanja wa kutumia waya mmoja na kurudisha mkondo kupitia ardhini, unaopunguza gharama mahali pengine, hapa unasumbua kwa sababu udongo ulioganda haupitishi umeme vizuri.

Inawezekana pale vijiji vingi vinapochangia laini moja. Kaskazini magharibi mwa Ontario, mradi wa Wataynikaneyap Power, ambao sehemu kubwa ya hisa zake ni ya jamii 24 za Wenyeji wa Kwanza (First Nations, wenyeji asilia wa Kanada), ulipangwa kuunganisha jamii 17 kwa laini za kilomita 1,800. Pikangikum iliunganishwa Desemba 2018, na ujenzi wa laini ulikamilika mwaka 2024. Faida haikuwa bei peke yake. Jenereta za Pikangikum zilikuwa zimefika ukomo, kiasi kwamba nyumba mpya hazikuweza kuunganishiwa umeme. Kwa jamii yenye vijana wengi na upungufu wa nyumba, hilo ni gharama kubwa isiyoonekana kwenye bili yoyote.

Njia ya kati ni laini fupi kati ya majirani. Magharibi mwa Alaska, Toksook Bay imeunganishwa na Tununak na Nightmute. Kituo kikubwa kimoja kinafanya kazi ya vitatu, na mitambo ya upepo ya Toksook inawahudumia wote. Majirani wakiwa ndani ya kilomita 30 hivi, hesabu hii ndiyo ya kwanza kufanywa.

Nyumba yetu inapashwa joto kwa mafuta, si kwa umeme. Lakini Januari bili ya umeme imekuwa mara mbili ya Julai. Mita imeharibika?
— Mama wa watoto watatu, Nunavut

Dada, mita huharibika mara chache. Anza na kipimo hiki: soma mita mkienda kulala na usome tena mkiamka, kabla hujawasha chochote. Gawanya tofauti kwa saa. Ikiwa saa 8 zimekula uniti 9.6, nyumba iliyolala inavuta kilowati 1.2 bila kukoma, na kwa mwezi hizo ni uniti 864. Halafu zima swichi za saketi moja moja kwenye ubao huku mtu mwingine akitazama mita, uone ipi inaishusha. Saketi ya waya wa kupasha bomba la maji na ile ya boila la mafuta zizime kwa dakika mbili tatu tu, kisha ziwashe mara moja. Nje kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, ukisahau utapasua mabomba.

Mshukiwa wa kwanza ni huo waya wa kupasha mabomba. Aina nyingi huvuta takriban wati 20 kwa mita. Mita 25 ni wati 500, na ukiwaka usiku na mchana unakula uniti 360 kwa mwezi. Mara nyingi thamostati yake imekufa ikiwa imewasha, au kichwa chake cha kupimia kimefungwa hewani badala ya kwenye bomba. Kinatakiwa kigusane na bomba, chini ya kifuniko cha kuzuia baridi, kikiwekwa kati ya nyuzi 3 na 5 juu ya sifuri. Kagua pia kama kifuniko kimelowa. Kikilowa hakizuii baridi tena, na waya hautazima kamwe. Unapobadilisha, nunua waya unaojipunguza wenyewe bomba likipata joto.

Gari likichomekwa ukutani kupasha injini, hita yake ni ya wati 400 hadi 1,000. Ya wati 500 ikiwaka saa 12 kila usiku ni uniti 180 kwa mwezi. Injini haihitaji zaidi ya saa tatu hivi, kwa hiyo saa ya kuwashia na kuzimia, iliyo imara kwa matumizi ya nje, inazishusha hadi 45. Mara nyingi kifaa hicho kinarudisha fedha zake ndani ya mwezi mmoja.

Kisha hita ya kubebeka. Wati 1,500 kwa saa nane kila siku ni uniti 360. Tunalisema hili kwa msisitizo: kwenye kijiji cha dizeli, kupasha chumba kwa umeme ni upotevu mtupu. Lita moja ya dizeli ndani ya boila la nyumbani lenye hali nzuri inakupa takriban uniti 8.5 za joto. Lita hiyohiyo ikipitia jenereta na nyaya hadi kwenye soketi yako inakupa 3 tu na ushei. Chumba cha mtoto kikiwa baridi, mwite fundi aondoe hewa kwenye mabomba ya radieta na aangalie pampu ya mzunguko kabla hujanunua hita. Hali ni ileile kwa tangi la maji moto la umeme. Watu wanne wakitumia lita 50 za moto kila mmoja kwa siku, kuyatoa maji nyuzi 3 hadi 55 kunakula karibu uniti 360 kwa mwezi.

Na uangalie ukomo wa ruzuku. Nunavut, mpango wa ruzuku kwa wenye nyumba umekuwa ukipunguza bei kwa uniti 700 za mwanzo kila mwezi kati ya Aprili na Septemba, na 1,000 kati ya Oktoba na Machi. Uniti ya 1,001 unailipia yote. Kwa hiyo uniti za mwisho mlizozidisha ndizo ghali kuliko zote, na ndizo za kuwinda kwanza.

Nasikia Alaska serikali inalipia vijiji. Sasa kwa nini mkate na maziwa dukani bado ni bei ya kutisha?
— Msomaji, Anchorage

Mpango huo ni Power Cost Equalization, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1984, na tangu mwaka 2000 una mfuko wake wa akiba. Unafanya kazi hivi: unachukua bei ya wastani ya Anchorage, Fairbanks na Juneau kama msingi. Gharama inayokubalika ya kijiji juu ya msingi huo, hadi kikomo cha dola moja ya Marekani kwa uniti, inalipiwa asilimia 95. Kaya inahudumiwa hadi uniti 750 kwa mwezi (zilikuwa 500 kabla ya mabadiliko ya mwaka 2022). Majengo ya jamii, kama mtambo wa maji, yanapata uniti 70 kwa kila mkazi kwa mwezi kwa pamoja.

Duka halimo. Shule ya serikali haimo. Duka lenye majokofu na mafriza yanayovuta wastani wa kilowati 20 linakula uniti 14,400 kwa mwezi. Kwa senti 70 hiyo ni dola 10,080, na hakuna wa kuilipa ila wanaonunua maziwa. Ongeza usafiri wa ndege wa maziwa hayo. Ruzuku imeiondoa gharama kwenye bili ya nyumba, na sehemu yake inarudi kupitia kaunta ya duka. Sisi tunaona ukomo huu ni kasoro kubwa, maana duka la kijiji si biashara ya kifahari. Ndiyo ghala la chakula la watu wote.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Kijiji kikijenga mtambo wa upepo na kushusha gharama kwa senti 10, ruzuku nayo inashuka kwa senti 9.5. Mwenye nyumba anabaki na nusu senti. Anayefaidi kwa ukamilifu ni duka, shule, na mfuko wa serikali. Ndiyo maana mkutano wa kijiji ukiulizwa kuhusu upepo, wengi hawasisimki, na hawana kosa.

Huku kwetu Mandera umeme umetoka kwa jenereta miaka mingi, lakini tokeni ni bei moja na Nairobi. Inakuwaje?
— Msomaji, Mandera

Kenya ina bei moja ya taifa. Dizeli inayochomwa kwenye vituo vya kaskazini visivyo kwenye gridi inaingizwa kwenye tozo ya mafuta ambayo kila mteja wa nchi anaiona kwenye bili au tokeni. Mwenye kiwanda Thika anachangia lita ya Mandera. Kwa kuwa wateja wa gridi ni mamilioni na vituo vya dizeli vinauza sehemu ndogo sana ya umeme wote, mchango wa kila mmoja ni mdogo. Nunavut haina gridi ya kuchangiwa. Jamii zote 25 ni dizeli, kwa hiyo fidia lazima itoke kwenye bajeti ya serikali, ambayo sehemu yake kubwa hutoka Ottawa, kwa serikali kuu ya Kanada.

Ubaya wa mtindo wa Kenya ni kwamba gharama ya kweli inafichika. Kampuni inapata hasara kwa kila mteja mpya wa kituo cha dizeli, kwa hiyo haina haraka ya kumuunganisha.

Kama jua la Turkana lingekuwa Kanada wangeacha dizeli? Au na kule paneli zinafanya kazi?
— Fundi wa sola, Lodwar

Zinafanya kazi, na Old Crow ni mfano mzuri. Ni jamii ya Wavuntut Gwitchin katika jimbo la Yukon, juu ya mstari wa Aktiki, haina barabara na mafuta yake huja kwa ndege. Tangu 2021 ina paneli za kilowati 940 pamoja na betri, na siku za kiangazi jenereta huzimwa kabisa. Lengo lilikuwa kuokoa takriban lita 189,000 kwa mwaka. Lakini Desemba jua halichomozi, na ndipo mzigo unapokuwa mkubwa. Kwa hiyo jenereta zote zinabaki, na waendeshaji wanabaki. Sola inakata senti za mafuta, haigusi zile senti 28 za gharama za kudumu. Turkana jua liko mwaka mzima, kwa hiyo faida yenu ni kubwa zaidi kwa paneli ileile.

Kama fundi utapenda hili. Volti ya paneli hupanda kwa karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayoshuka chini ya 25. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri ni asilimia 20 hivi juu. Paneli ya volti 50 isiyo na mzigo inakuwa karibu 60. Ukifunga 20 mfululizo kwenye inveta ya volti 1,000, asubuhi ya Machi yenye jua na baridi utapata volti 1,200 na kuiunguza. Mwisho ni 16. Kwenu shida ni kinyume: seli ikifika nyuzi 65 inapoteza takriban asilimia 14 ya nguvu yake, kwa hiyo acheni nafasi ya hewa chini ya paneli. Betri za lithiamu nazo haziruhusiwi kuchajiwa chini ya sifuri. Kule hukaa ndani ya kontena linalopashwa joto, na joto hilo linakatwa kwenye hesabu ya faida.

Jambo linaloangusha miradi mingi, kule na kwenu, ni jenereta yenyewe. Injini ya kilowati 350 haipendi kukaa chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, yaani kilowati 105. Ikikaa huko muda mrefu, mafuta hayaungui yote. Masizi mabichi yanajaa kwenye ekzosi, kuta za silinda zinakuwa laini kama kioo, na oili inaanza kuliwa. Kijiji kikiwa na mzigo wa kilowati 200, sola au upepo unaweza kuchangia 95 tu hata kama zipo 300. Dawa ni tatu: jenereta ndogo ya kuchukua zamu ya mzigo mdogo, boila la umeme la kupasha maji kwa umeme uliozidi, au betri yenye inveta inayoweza kuishika gridi peke yake ili injini izimwe. Kotzebue, Alaska, ilianza na upepo mwaka 1997, na ushirika wao wa umeme umepita hatua hizi moja baada ya nyingine. Ukiona mradi wenye paneli nyingi na jenereta moja kubwa ya zamani, uliza kwanza watafanya nini saa sita mchana.

Na nyuklia ndogo?
— Msomaji, Oslo

Urusi inafanya hivyo. Bilibino, Chukotka, ilipata kinu mwaka 1974, na Pevek inalishwa na Akademik Lomonosov, chombo kinachoelea chenye vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja, tangu 2019. Lakini huko kuna migodi. Kijiji cha kilowati 200 ni kidogo mara mamia kuliko hapo, na walinzi na wataalamu wa kinu hawapungui kwa kadiri kijiji kinavyopungua.

Halmashauri yetu ina fedha kidogo tu. Tuanzie wapi kupunguza lita?
— Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, magharibi mwa Alaska

Anzieni kwenye rekodi. Gawanyeni uniti zilizozalishwa kwa lita zilizochomwa kila mwezi. Mkipata 3.1 na majirani wenye kituo cha kisasa wanapata 3.6, tofauti hiyo kwa uniti 1,752,000 ni karibu lita 78,500 kwa mwaka. Mara nyingi chanzo ni injini kubwa kuliko mzigo inayoachwa iwake usiku kwa kuwa kubadilishana zamu ni kwa mkono. Paneli ya kudhibiti inayowasha na kuzima injini kwa mzigo inagharimu kidogo sana ukilinganisha na mtambo wa upepo.

Kisha chukueni joto. Zaidi ya nusu ya nishati ya dizeli hutoka kwa maji ya kupoza injini na ekzosi. Maji ya kupoza yapitishwe kwenye kibadilisha joto, na upande wa pili glaikoli (kimiminika kisichoganda kwa urahisi) iende kwa mabomba yaliyofunikwa hadi shuleni au kwenye mtambo wa maji, ikiwa umbali ni mita mia chache. Panapoharibika ni palepale kila mara: glaikoli inavuja kwenye maungio na hakuna anayejua hadi kiwango kinashuka, bamba za kibadilisha joto zinaziba, au vali inashindwa na injini inapozwa kupita kiasi. Fungeni mita ya joto tangu siku ya kwanza, na mkubaliane kwa maandishi shule italipa kiasi gani kwa joto hilo. Bila mita, bomba likiziba Novemba, boila la shule litaanza kuchoma mafuta yake kimyakimya na mtagundua meli ya kiangazi ikifika.